Mkazo wa "responsibility"

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza. Neno "responsibility" unalitamka vizuri, ila mkazo unautia kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: responsibi-LI-ti. Si ajabu, ndivyo ndimi zetu zilivyozoea. Kwa Kiswahili mkazo hukaa hapo karibu siku zote, na maneno kama "barábara" lenye maana ya sawasawa ni ya kutafuta kwa tochi. Kiingereza kina utaratibu mwingine.

Wewe litazame neno kuanzia nyuma. Likiishia na "-ity", mkazo huangukia silabi inayotangulia kiambishi hicho. Kwa hiyo hapa ni re-spon-si-BIL-i-ty. "Bil" itamke kwa nguvu, "spon" iguse kidogo, hizo nyingine zipitie haraka. Hapa ndipo tunapokwama wengi: kila irabu tunaipa haki yake kamili, basi hata mkazo ukiwa mahali pake hausikiki.

Sasa ondoa "-ity" ubaki na "responsible". Mkazo umerudi kwenye "spon"! Ni vilevile kwa "electric" na "electricity": wa kwanza uko "lec", wa pili "tri". Lakini "-ness" haina ubabe huo. "Happy" na "happiness" zote mkazo wake uko mwanzoni.

Uliuliza kama silabi ndizo mofimu, yaani vile vipande vidogo kabisa vya neno vyenye maana. Hapana. Kwa mofimu unakata respons-ibil-ity, na hiyo "ibil" ni "-ible" iliyobadilika umbo. Tazama silabi "si": "s" ni ya shina, "i" ni ya kiambishi, mpaka umepita katikati yake. Na vile vinukta vya kwenye kamusi usivitegemee mno kwa matamshi, kwani mara nyingi vinaonyesha tu mahali pa kukatia neno mstari unapoisha.

Kwa mazoezi, anzia mkiani: BIL-i-ty, kisha si-BIL-i-ty, kisha spon-si-BIL-i-ty, hadi neno litimie. Mimi naona njia hii inashinda kulisoma kutoka mwanzo, maana hofu ya urefu inakwisha.

Likishakaa, jaribu "irresponsibility". Hiyo "ir-" ni "in-" ya kukanusha iliyobadilika kwa sababu ya "r" inayofuata, na mkazo mkuu hausogei. Nitumie sauti nyingine nisikie.

Wasalaam,
Swahiba wako