Zahanati iwafuate wavuvi siku za mbalamwezi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo sisi wakazi wa mialo, yaani fukwe za wavuvi, ya Ziwa Victoria tumezoea kulifanyia mzaha, nalo ni vijana wetu wa kiume kuficha maradhi kwa kuogopa kuonekana dhaifu.

Kijana akilalamikia tumbo mwaloni huambiwa ajikaze kisabuni, anunue dawa ya kutuliza maumivu dukani, na jioni apande mtumbwi na wenzake. Akiona damu chooni hamwambii mtu. Mara nyingi kinachomsumbua ni kichocho, ambacho vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu anayeoga ziwani au kusukuma mtumbwi. Minyoo hukaa katika mishipa ya damu ya utumbo, na mayai yake huendelea kukwama kwenye ini mwaka hadi mwaka, mpaka siku kijana aliyesifiwa kwa nguvu zake anapojaa maji tumboni au kutapika damu; hapo ndipo ndugu huanza kuulizana ni nani aliyemroga. Dawa yake, prazikwanteli, humezwa kwa siku moja tu. Watoto hugawiwa shuleni, na hilo ni jema, lakini mvulana aliyeacha masomo akafuata dagaa hayumo tena kwenye orodha, ilhali ndiye anayeingia majini kila siku.

Kwa upande wa VVU, serikali ilizindua kampeni ya upimaji ya Furaha Yangu mwaka 2018 ikiwalenga hasa wanaume, na mwaka 2019 sheria ikaruhusu mtu kujipima mwenyewe. Hata hivyo, bado kuna wanaoamini kwamba majibu ya mke aliyepimwa kliniki akiwa mjamzito ndiyo majibu yao, jambo ambalo si kweli hata kidogo.

Sikubaliani, hata hivyo, na wanaodai kwamba tatizo lote ni malezi. Mvuvi wa dagaa hukesha ziwani na taa zake, hurudi alfajiri, na hulala saa zilezile ambazo zahanati iko wazi. Akijitahidi kwenda, hukuta mabenchi yamejaa akina mama na watoto wachanga. Nimemshuhudia kijana mmoja amekaa pembeni, kofia ameishusha hadi machoni, na muuguzi alipomuuliza shida yake akajibu kwamba amemsindikiza dada yake, kisha akaondoka. Dada hakuwepo.

Mbalamwezi ikiwa kali, dagaa hawafuati taa, hivyo mitumbwi hupumzishwa na vijana hushinda mwaloni siku kadhaa kila mwezi wakicheza karata na, tusifichane, wakinywa pombe. Naziomba halmashauri za Ilemela, Magu, Sengerema na Ukerewe zipeleke wahudumu siku hizo, tena jioni, wakiwa na prazikwanteli na vipimo vya kujipima VVU, na ikiwezekana wahudumu wenyewe wawe wanaume. Viongozi wa BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo, wanawafahamu wavuvi wao na wanaweza kuwakusanya. Nao matajiri wa mitumbwi waombwe kumeza dawa wa kwanza, mbele ya vijana wao. Siku za mwezi mpevu zinajulikana mwaka mzima kabla hazijafika, kwa hiyo ratiba inaweza kuandaliwa hata wiki hii.

Msomaji wako,
Igombe, Mwanza