Mdogo wangu amewaambia wenyeji wake Ujerumani kuwa mimi ni jirani

Anti, shikamoo.

Nakuandikia saa kumi alfajiri hii na sijapata hata lepe la usingizi. Mume wangu kahamia sebuleni, anasema nimemchosha kwa kugeukageuka. Sisi wa Majengo unatujua, hatuna mazoea ya kupeleka mambo ya ndani kwa watu. Ila hili limenikaa kooni tangu mkesha wa Krismasi na kila nikimeza halishuki.

Mdogo wangu yuko Ujerumani. Sio jambo la ajabu, vijana siku hizi wanakwenda, kanisa linawapeleka kujitolea mwaka mmoja, wanafikia kwenye nyumba za watu na mchana wanafanya kazi. Huyu wangu yuko kwenye makazi ya wazee, anawaogesha, anawalisha, anawasukuma kwenye viti vya magurudumu. Kazi ya heshima kabisa. Na mimi ndiye niliyemwambia aende, hilo lijulikane mapema, maana nimeshasikia maneno kwamba eti namwonea kijicho.

Kula Krismasi na wazungu hakunisumbui. Ale tu. Tangu mwanzo wa Desemba ananisimulia mambo yao na mimi nafurahi, wanawasha mshumaa mmoja kila Jumapili mpaka ifike minne, na tarehe 5 usiku watoto waliweka viatu mlangoni, asubuhi na yeye kakuta chake kimejazwa chokoleti na karanga. Mtu mzima wa miaka 22! Tulicheka sana siku ile. Nilikuwa nawasifia wale watu kwa kila aliyekuja kununua vitumbua.

Basi tarehe 24 akapiga, simu ya video. Huku saa mbili usiku, kwao saa kumi na mbili jioni, na nje kwao giza limeshaingia kitambo. Wenzetu sikukuu yao hasa ni usiku ule wa 24, zawadi wanafungua usiku huohuo, sisi ndio kwanza tunachambua mchele. Mezani naona saladi ya viazi na soseji, basi. Nikajisemea moyoni, hii ndiyo sikukuu? Akaniambia bata mzinga ni kesho yake, au bata bukini, sikumbuki, nilikuwa naangalia yule binti yao mdogo alivyompanda mapajani anamvuta sikio. Kama alivyokuwa akinivuta mimi. Baba mwenye nyumba akaingiza uso kwenye simu akasema "Mbukwa!" Nikaitikia kwa furaha, nikacheka mpaka machozi. Kigogo hicho mdogo wangu kakipata kwa nani kama si kwangu?

Sasa kulikuwa na mama mmoja mgeni pale, Mtanzania mwenzetu, kwa lafudhi ni wa Tanga, kaolewa huko. Akapokea simu kwa bashasha, mzima dada, habari za Dodoma, mvua imenyesha? Nikasema tunashukuru, imeanza. Ndipo akasema, "Wewe ndiye yule jirani aliyemsaidia alipofiwa na mama yake? Mungu akubariki. Maskini kijana hakuwa na mtu, lakini sasa kapata familia."

Jirani, Anti.

Na mdogo wangu yupo palepale, bega lake naliona kwenye kioo cha simu, kavaa sweta jekundu waliyomnunulia. Hakusema neno. Akacheka kile kicheko chake cha kuinamisha kichwa, akaichukua simu, "Dada mtandao unasumbua, nitakupigia." Mtandao ulikuwa unasumbua wapi? Nilikuwa naona mpaka sindano za ule mti wao wa Krismasi.

Hakupiga. Alituma ujumbe wa sikukuu njema, na picha ya yule mtoto. Mimi nikamjibu "na kwenu pia", kwenu, nikitegemea ataelewa. Akaweka kikaragosi cha moyo.

Najua utaniuliza, kwa hiyo nakueleza mwenyewe. Hatukuchangia tumbo. Mama yake ni mdogo wa mama yangu. Lakini wewe ni wa huku, huwezi kuniambia mtoto wa mama mdogo ni mtu baki. Aliletwa kwangu hajaanza hata darasa la kwanza, kabeba mfuko wa rambo wenye kaptula mbili, na mimi nina mwaka wangu wa kwanza kwenye ndoa. Baba yake hajulikani alipo mpaka leo na sitaki kumzungumzia. Mume wangu alimpokea, hilo nampa sifa yake, ingawa kwenye hili la sasa hanisaidii.

Nimeuza zabibu kwenye mabasi kwa ajili yake, beseni kichwani, nakimbilia dirisha, konda ananifokea. Msimu wa zabibu ukiisha narudi kwenye vitumbua. Ada ilifutwa mwaka 2016, nakubali, lakini madaftari hayakufutwa, sare haikufutwa, tuisheni ndiyo kabisa. Likizo tulikuwa tunakwenda Mvumi kwa mama, anashinda shambani na kopo anafukuza kwelea kwelea kwenye uwele, jioni namtoa miiba miguuni. Sikumlea ili anilipe. Sijawahi kumhesabia. Ila na mimi nina masikio.

Siku anaondoka nilimsindikiza mpaka Dar kwa treni ya umeme, 31,000 kwenda, 31,000 kurudi, na kurudi nilikuwa peke yangu. Jirani gani huyo anayesindikiza mtu kwa 62,000? Uwanja wa ndege nikamfunga shuka la Kimasai shingoni maana kila mtu alisema huko baridi, na yeye akaona aibu lakini hakulivua. Sijaliona kwenye video hata mara moja, hilo shuka.

Mume wangu anasema nakuza mambo. Anasema kwenye fomu za wazungu kuna mahali pa baba na mahali pa mama, mtoto kaandika marehemu na hajulikani, hakuna mahali pa dada, wakajijazia wenyewe huruma yao. Inawezekana. Lakini fomu haina mdomo. Huyu ana mdomo, na Kijerumani kakisoma, nimelipia mimi miezi ya mwanzo, kwa hiyo akitaka kusema "huyu ni dada yangu amenilea" anaweza. Alishindwa nini usiku ule? Hata kwa Kiswahili tu, yule mama wa Tanga angeelewa.

Mwingine kaniambia labda anasema hivyo ili ahurumiwe, yatima anapendwa zaidi. Huyo ndiye aliyenimaliza kabisa. Maana kama ni hivyo basi amenizika mimi nikiwa hai ili apate zawadi kwenye kiatu.

Nisije nikaonekana mbaya. Wale watu hawana kosa, yule mama mwenye nyumba ni mtu mwema, aliwahi kunitumia salamu, na mdogo wangu alipougua mafua makali mwezi wa kumi na moja alimpikia supu na kumpeleka kwa daktari. Namshukuru. Ila na yeye mbona hakuuliza? Unaishi na mtoto wa watu miezi yote hiyo, anaongea na simu karibu kila Jumapili, huulizi anaongea na nani?

Kwa sikukuu alituma laki moja na nusu. Sijaigusa. Ipo kwenye simu, itakaa hapo, pesa ya kumlipa jirani siitaki. Nilitoa 30,000 tu ya mchele na mafuta, na hiyo ni kabla ya ile simu.

Mama yangu kule Mvumi anauliza kila siku mwanangu amekula nini kwenye sikukuu, wamemchinjia? Namjibu wamemchinjia, amenenepa. Nimwambie nini kingine? Kwamba mama, na wewe ni jirani? Kule ndiko kaburi la mdogo wake lilipo, yeye ndiye analipalilia.

Sasa kuna jambo dogo la pembeni, nilitaje nisije nikasahau. Vyeti vyake viko kwangu, cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, kwenye bahasha ya kaki chini ya sanduku la nguo. Anavitaka, na anavitaka halisi. Ile familia imemtafutia nafasi ya mafunzo ya uuguzi, miaka 3, mtu anasoma huku analipwa, na wamemwambia ataendelea kukaa kwao. Ameniomba tangu mwanzoni mwa Desemba. Sijamkatalia, hilo naomba lieleweke. Kulikuwa na harusi ya shemeji, halafu mvua ikaanza na mbegu za mtama hazijaingia ardhini, halafu sikukuu zikafika na kila ofisi foleni. Kuvituma kitu cha thamani namna hiyo mtu hukurupuki. Vikipotea njiani nani atalaumiwa? Jirani?

Mume wangu anasema nivitume kesho asubuhi, kijana asikose riziki yake kwa sababu ya neno la mgeni. Yeye ni rahisi kusema. Mimi nikiishika ile bahasha mikono inakuwa mizito. Nawaza, nikishavituma kuna kitu gani tena chake kitabaki kwenye nyumba hii? Miaka 3 kwa watu ambao tayari wameshamwita wao, atarudi huyu? Na akirudi atafikia wapi, kwangu au hotelini?

Halafu upande mwingine nawaza, nikimzuia ndio nitakuwa nani? Nikimrudisha hapa aje kuzunguka na bahasha za maombi ya kazi kwenye mageti ya wizara kule Mtumba kama wenzake, atanipenda kwa hilo? Simtaki arudi kwa nguvu. Nataka asome, awe nesi, ajenge. Nataka pia arudi Pasaka, aje mara moja tu, akae hapa barazani watu wamwone, asalimie kaburi la mama yake, halafu aende zake. Ila nikimwambia sharti ni hilo, itakuwa kama namuuzia vyeti vyake mwenyewe.

Nimeandika ujumbe mrefu wa kumuuliza, nimeufuta, nimeuandika tena. Unaanza, "Nasikia mimi ni jirani yako." Sijautuma. Rafiki yangu anashauri nimtafute yule mama wa Tanga nimweleze ukweli, ili waambiwe wote mezani. Mkono unaniwasha kufanya hivyo, namba yake naweza kuipata. Lakini namwonea huruma mdogo wangu, aonekane mwongo kwa watu anaolala kwao, kwenye baridi ile, hana pa kwenda. Unaona? Mimi bado namhurumia. Yeye mimi alinihurumia?

Anti, niambie wewe uliyeona mengi, nimuulize au ninyamaze? Na hiyo bahasha, nitangulize kuituma ndipo nimuulize, au nimuulize kwanza, akinijibu vizuri ndipo nitume? Usiniambie nisali, nimesali. Usiniambie wazungu ndivyo walivyo pia, maana aliyekaa kimya hakuwa mzungu.

Ukinijibu usitaje vitumbua wala Majengo, wateja wangu wanasoma. Na ujibu haraka kidogo, kwani kasema huko wanataka vyeti vifike kabla ya mwisho wa Januari, na kutoka hapa mpaka kule sijui huwa inachukua muda gani.

Ni mimi,
Dada mtu, Dodoma