Malalamiko Kuhusu Friji Lililoacha Kutengeneza Barafu Ndani ya Waranti

Mwanga,
Kigoma.
14 Oktoba

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUNYIMWA HUDUMA YA WARANTI KWA KUFUATA MAELEKEZO YENU WENYEWE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Machi mwaka huu nilinunua kwenu friji la milango miwili, lile lenye mashine ya barafu ndani ya friza inayounganishwa na bomba la maji. Nililinunua kwa zamu yangu ya mchezo wa kina mama, baada ya kuchangia mwaka mzima. Nakala ya risiti ya EFD na kadi ya waranti ya mwaka mmoja nimeziambatisha.

Mashine ilifanya kazi vizuri kwa miezi sita. Mwishoni mwa Septemba, siku mbili kabla ya arobaini ya baba mkwe wangu, nilivuta droo ya barafu nikaikuta tupu. Wageni walishaanza kuingia kutoka Kasulu na Uvinza, na Kigoma wakati ule, kabla mvua hazijashika, joto lake mnalijua kama mmewahi kufika. Tulinunua barafu za mifuko kwa majirani, shughuli ikapita. Lakini nataka mwelewe kwamba barafu nyumbani kwangu si ya wageni tu. Tuko watu tisa. Umeme ukikatika, ile droo iliyojaa barafu ndiyo inayolinda baridi ya friza, na ndiyo inayookoa migebuka niliyoifuata alfajiri pale Kibirizi.

Nilipiga simu kwenu mara ya kwanza siku ileile. Kijana aliyepokea aliniambia nichomoe friji, nisubiri, nichomeke tena. Nilifanya hivyo, nikangoja saa 24 kama kitabu chenu kinavyosema. Hata punje moja haikushuka.

Mara ya pili nilipiga baada ya arobaini. Nikaambiwa na kijana mwingine kwamba maji yetu ya ziwani yana chumvi na bila shaka yameziba mashine, kwa hiyo nitafute fundi friji wa huku aangalie. Hapo naomba nisahihishe jambo, maana lilinichoma. Ziwa Tanganyika ni maji baridi. Tunayanywa, tunayapikia, na watoto wetu wamekulia humo. Mtu anayeuza friji Kigoma hapaswi kulichanganya ziwa na bahari, na hapaswi kutoa hukumu juu ya kifaa ambacho hajakiona.

Hata hivyo nilitii. Nilimwita fundi ambaye mtaa mzima tunamtumia, na nilikaa naye tangu mwanzo hadi mwisho. Naeleza tulichokifanya ili asije mtu akaniambia tena nizime na kuwasha.

Tulianza na ubaridi, kwa sababu friza isipogandisha sawasawa mashine haiwezi kumwaga barafu. Kipimajoto tulichokilaza humo usiku kucha kilisoma nyuzi 18 chini ya sifuri asubuhi. Samaki walikuwa wagumu kama jiwe. Ule mkono wa waya unaosimamisha mashine droo ikijaa ulikuwa chini, mahali pake, watoto hawakuugusa. Filta ya maji nilikuwa nimeshaibadilisha mwezi huohuo wa Septemba, kwa kuwa kitabu kinataka kila miezi sita, na niliweka ile ya akiba mliyonipa ninyi. Fundi akaufungua mpira wa maji nyuma ya friji akauelekeza kwenye ndoo: maji yalitoka kwa nguvu. Kichujio kidogo cha kwenye mdomo wa vali, ile inayofungulia maji yaingie kwenye mashine, kilikuwa safi, hakina tope wala magadi. Kile kibomba kinachoingiza maji ndani ya friza huwa kinaganda wakati mwingine, kwa hiyo tulikizungushia kitambaa cha maji ya moto. Hakikuwa kimeganda. Trei ya barafu yenyewe ilikuwa kavu kabisa.

Ndipo akabonyeza kile kitufe cha majaribio. Trei ikageuka, ikarudi, ikasubiri maji. Kwa kawaida wakati huo vali ya nyuma hutoa mngurumo mdogo, na mimi naujua maana nimeusikia miezi sita. Safari hii kimya. Akaweka mita: umeme unafika kwenye vali. Akachomoa friji, akapima koili ya vali yenyewe. Mita haikusoma kitu. Waya wa ndani ya koili umekatika. Basi. Mashine nzima, kompresa, kadi ya umeme, vyote ni vizima. Kilichokufa ni vali inayoenea kwenye kiganja.

Nilifurahi, Ndugu Meneja. Nilipiga simu ya tatu nikiwa na jibu mkononi, nikidhani nimewarahisishia kazi. Dada aliyepokea alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa kuwa kifuniko cha nyuma kimefunguliwa na fundi asiye wenu, waranti imekufa. Nilipomwambia kwamba ni ninyi mlionituma kwa fundi huyo, alinyamaza kidogo, halafu akasema kama nataka kusaidiwa nilipeleke friji Dar es Salaam kwa gharama zangu.

Kutoka hapa hadi huko ni zaidi ya kilomita 1,200. Friji linatakiwa kusafiri limesimama, la sivyo mafuta ya kompresa yanaingia kwenye mabomba ya gesi. Mnaniomba nilipakie friji lenye afya, lipigwe mitikisiko kwenda na kurudi, ili libadilishwe kitu ambacho kondakta wa basi angeweza kukibeba mfukoni. Likifika na bomba la gesi limepasuka, mtasema nini? Mtasema ni kosa la msafirishaji.

Dada huyo aligusia pia umeme wetu. Sikatai kwamba unakatika, na ndiyo sababu nilinunua stebilaiza siku moja na friji. Umeme ungekuwa na makosa, isingekufa vali peke yake na kadi ikabaki.

Kuna jambo jingine ambalo halihusu ubovu wangu, lakini siwezi kulinyamazia. Kitabu chenu kinasema mashine hii inataka msukumo wa maji usiopungua baa 1.4. Wenzangu wengi hapa Kigoma maji ya nyumbani wanayapata kwenye tanki lililokaa juu ya mnara wa mita tatu. Mita kumi za kimo hutoa takriban baa moja. Tanki la mita tatu linatoa baa 0.3 tu. Kwa hesabu hiyo tanki lingepaswa kukaa mita 14 juu, kimo cha mchikichi mzee. Mimi niliokolewa na fundi bomba aliyesoma kitabu kabla ya kufunga, akaniunganisha moja kwa moja na bomba la mamlaka. Muuzaji wenu hakuniuliza hata swali moja kuhusu maji yangu. Jirani yangu alinunua friji la aina hii kwenu akaliunganisha na tanki, na hajawahi kuona barafu kamili tangu siku ya kwanza; zinatoka vipande vyembamba, vyenye tundu katikati. Anaamini aliuziwa kibovu. Mwambieni ukweli kabla hajalipa, si baada.

Ninachoomba ni hiki. Nitumieni vali mpya inayolingana na namba ya friji langu. Namba hiyo nimeinakili kutoka kwenye kibandiko cha ndani ya mlango na kuiandika nyuma ya nakala ya risiti. Nirudishieni ujira wa fundi, kwa kuwa mlimwagiza ninyi. Hati yake ya malipo imo kwenye viambatisho. Na nipeni kwa maandishi kwamba waranti yangu iko hai, ikiongezwa siku zote ambazo mashine imesimama.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi, nitaipeleka pamoja na viambatisho vyake vyote Tume ya Ushindani, kwani tarehe na saa za simu zangu tatu nimeziandika.

Vali mkiituma kwa basi, andikeni namba yangu ya simu iliyo kwenye risiti juu ya kifurushi. Nitakifuata stendi mwenyewe, hata kikifika usiku.

Mteja wenu,
Mwanga, Kigoma.

Viambatisho: nakala ya risiti, kadi ya waranti, hati ya malipo ya fundi, picha ya vali.