Sherehe za uhuru zirudi mitaani ulikodaiwa

Mhariri,

Juzi binti yangu wa Gredi ya Tano alirudi nyumbani na kazi ya ziada kuhusu sikukuu za kitaifa. Swali moja lilimkwaza: uhuru wa Kenya ulidaiwa wapi? Nikamwambia aandike London, kwenye mikutano ya Lancaster House, maana ndivyo nilivyofunzwa. Jirani yetu mzee alikuwa ameketi mlangoni akimenya muwa. Akainua kisu, akaelekeza upande wa barabara ya Jogoo. "Futa, mjukuu wangu. Uhuru ulidaiwa pale ukumbini Kaloleni."

Nimepita mbele ya ukumbi huo wa mtaa wetu jirani hapa Nairobi miaka nenda miaka rudi. Nimehudhuria vikao vya harusi na vya matanga humo ndani. Sikujua.

Mzee hakukosea. Tarehe 23 Aprili 1950 Waafrika na Wahindi walikutana humo, na Makhan Singh, mpiga chapa aliyekuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akatoa hoja kwamba Afrika Mashariki ipewe uhuru kamili bila kuchelewa. Ilikuwa karibu miaka 10 kabla ya mkutano wa kwanza wa Lancaster House. Mwezi uliofuata yeye na Fred Kubai wakakamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma kwa siku 9. Kubai baadaye akawa mmoja wa wale sita wa Kapenguria, walioshtakiwa na mkoloni, Jomo Kenyatta akiwemo. Singh alizuiliwa kaskazini, Lokitaung kukiwemo, hadi 1961. Miaka 11 na ushei! Watoto wetu wanaimba wimbo wa taifa kila Jumatatu na Ijumaa, na wengi wao hawajawahi kulisikia jina lake.

Jirani yangu anasema siku ile alikuwa mvulana, akapanda mabegani mwa kaka yake kuchungulia dirishani. Hotuba hazikumwingia sana. Anachokumbuka ni joto, na watu waliojaa hadi nje.

Mwaka mmoja nilimsindikiza kwenye sherehe ya Jamhuri. Tulifika uwanjani saa kumi na moja alfajiri, yeye na koti lake jeusi la Jumapili. Viti vya hemani vilikuwa vya wenye kadi. Vingi vilikaa vitupu hadi saa nne, na yeye akaambiwa asogee nyuma ya kamba. Alisimama akiegemea fimbo, bendera ndogo ya karatasi mkononi, mpaka gwaride likaisha. Hotuba zilikuwa ndefu. Hakuna aliyetaja mitaa ya Kaloleni, Pumwani wala Bahati. Ndani ya matatu tukirudi hakusema neno, na mimi nikaona haya kwa niaba ya sote.

Silalamikii gwaride. Wanajeshi wetu wakipita kwa hatua moja, hata mimi kifua hujaa. Ni vyema pia kwamba sherehe kuu siku hizi huzunguka kaunti, kwani zamani wa mbali walizisikia redioni tu. Lakini Katiba imetupa siku tatu za kitaifa, Madaraka 1 Juni, Mashujaa 20 Oktoba na Jamhuri 12 Desemba, na zote tatu tunazimalizia uwanjani au mbele ya runinga.

Ombi langu ni hili. Asubuhi ya kila sikukuu hizo, kaunti ya Nairobi ifungue ukumbi wa Kaloleni. Wazee wakae mbele, watoto waulize, chai na mandazi ziwepo. Ukutani pawekwe kibao chenye tarehe ile, kwa Kiswahili. Mitaa mingine ya Eastlands, huku mashariki mwa jiji, nayo ina yake ya kusimulia: Aprili 1954 askari wa mkoloni walizingira Nairobi kuwasaka Mau Mau katika Operesheni Anvil, wanaume wakapitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia kichwani, na aliyetikisiwa kichwa akapandishwa lori. Waliobaki kuyasimulia haya sasa wanahesabika, na kila mwaka tunazika wengine.

Binti yangu alifuta London, akaandika Kaloleni. Mwalimu akamwekea alama ya kosa. Simlaumu mwalimu, naye alifunzwa kama mimi. Ila Jamhuri inakaribia, na jirani yangu amevuka miaka 85. Ningependa asubuhi hiyo aingie ukumbini kwa mlango, aketi kiti cha mbele, na darasa zima la binti yangu liwe mbele yake likimsikiliza.

Mzazi,
Makadara, Nairobi