Ndege inapokelewa, abiria hapokelewi

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu enzi za kusahihisha madaftari kwa taa ya chemli, na sijawahi kukuandikia hata mstari. Ile habari yenu ya nusu ukurasa kuhusu kiwanja kidogo cha ndege cha jangwani kule Utah, Marekani, karibu na mji wa Moab, ndiyo iliyonishinda. Mwandishi wenu kasifu weee: mtu anashuka, muda si mrefu yuko Hifadhi ya Arches anatazama matao ya mawe, nayo ni zaidi ya 2,000. Sawa, tumesikia. Ila viwanja vidogo vya vumbi vipo hata huku Lindi, na hamjavifuata.

Mwaka jana mwezi wa tisa nilikuwa natoka Dar es Salaam, nimepasuliwa goti. Kukaa kwenye basi kutwa nzima nisingeweza, kijana wangu akanitafutia nafasi kwenye ndege ndogo iliyokuwa inaleta watalii. Kiwanja chenyewe sikitaji, wahusika wanajijua. Tulishuka saa saba mchana. Ndege ikageuza, ikatutimulia vumbi la machoni, ikaondoka. Watalii wawili wakachukuliwa na gari la kambi yao. Nikabaki mimi, mkongojo wangu, begi, na mlinzi aliyejibanza kwenye kivuli cha choo. Choo nacho kimepigwa kufuli, mwenye ufunguo yuko msibani. Benchi hakuna. Maji hakuna. Mti hakuna, mikorosho ilishakatwa yote. Nikaona tairi bovu lililopakwa chokaa pembeni ya njia ya ndege, nikajikongoja, nikalikalia. Mlinzi huyo, mbio: "Shikamoo mzee, hapo hapakaliwi, hiyo ni alama ya rubani." Nikamuuliza rubani yupi, maana yule wetu keshafika Kilwa. Akacheka, lakini akaninyanyua. Nilisimama kwa mguu mmoja kama korongo zaidi ya saa nzima. Bodaboda alipotokea akanipa shikamoo ya adabu kabisa, nikaitikia marahaba, halafu akataja elfu arobaini. Njia ya elfu tano siku zote! Nikamwambia, mwanangu, mimi mzaliwa wa hapa. Akasema, "Najua babu, lakini umeshuka kwenye ndege." Tulimalizana kwa elfu kumi na tano, na njiani akasimama kununua petroli kwa hela yangu hiyo hiyo.

Njia panda kuna kibao cha kuelekeza hifadhini. Msumari mmoja umetoka, mshale umelala, sasa unaelekeza kwa mama muuza mihogo. Na hifadhi yenyewe si kichaka, ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019, kilomita za mraba 30,893. Mgeni aifuate hiyo, atakula mihogo.

Tembo wao hawahitaji kibao. Njia ya kuja kwetu wanaijua hata usiku wa giza. Mpwa wangu walimlalia ekari mbili za mahindi yaliyoanza kubeba, asubuhi kakuta mavi na nyayo za kuogea mtoto. Akaenda ofisini kudai kifuta jasho. Akaambiwa lete picha. Akapeleka. Akaambiwa lete barua ya kijiji. Akapeleka. Akaambiwa fomu zimekwisha. Jasho limeshakauka lenyewe, Mhariri, hakuna cha kufuta tena. Lakini mtalii akija kumpiga picha tembo huyo huyo, gari linamsubiri na injini inaunguruma.

Hata yule mjusi wetu mkubwa wa kale, dinosaria wa kilima cha Tendaguru huku Lindi, alisafirishwa kwa heshima kunizidi mimi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walimfukua, wapagazi wakabeba mifupa yake vichwani hadi Lindi mjini, ikapakiwa melini, leo amesimama Berlin ndani ya jengo lenye paa. Na alikuwa amekufa miaka milioni 150 kabla.

Siombi jengo la vioo. Naomba benchi moja la mninga, futi sita, lenye egemeo. Mtungi wa maji na kata mbili, moja ikiibwa ibaki nyingine. Ubao wa nauli ulioandikwa kwa chaki, mahali ambapo bodaboda na abiria wote wanauona. Ufunguo wa choo mlinzi auvae shingoni kama hirizi, msiba uwe wa nani. Mbao nitatoa mimi na fundi ninaye, wao waniambie tu siku ya kuleta. Wakiona benchi ni gharama, basi wapake chokaa tairi la pili, waandike juu yake: LA WAZEE.

Mwalimu mstaafu,
Lindi