Barua ya wazi kwa Ofisa Elimu wa wilaya yetu: tuezekeeni nyumba ya walimu

Assalaam alaykum Mheshimiwa,

Mimi ni mzazi tu, binti yangu yuko kidato cha tatu skuli hii hii ya mjini kwetu hapa Pemba, na nilikuwepo siku ile ulipokuja kutusomea matokeo ya mtihani wa kidato cha nne. Ulisema tumepanda, waliofaulu wamezidi, kilichobaki ni sisi wazee kuwahimiza watoto. Nilirudi nyumbani roho haijatulia.

Mheshimiwa, hao waliofaulu karibu wote ni divisheni foo, daraja la mwisho la kufaulu. Mtoto akipata D mbili na zilobaki zote F, pointi 33, anahesabiwa kafaulu, lakini kidato cha tano hendi, huko wanataka C tatu. Sasa nifurahie nini? Kijana wangu mkubwa ni mmoja katika hao, cheti anacho, yuko dago, kambi ya wavuvi, na wenzake anavua, na si kwamba kuvua vibaya, babu yake kavua maisha yake yote, lakini yeye alitaka kusomea umeme na hesabu ndo ilomkwamisha.

Na hiyo hesabu hakusomeshwa. Yani hapo ndo nnapotaka unielewe. Juzi nimechukua daftari la fizikia la binti yangu, tarehe ya mwisho ilioandikwa ni ya mwezi wa tatu na sasa tuko mwezi wa nane, nikamuuliza daftari jengine liko wapi, akanambia baba hakuna jengine, mwalimu kahama. Yule alikuwa kijana mzuri mno, akisomesha mpaka jioni, watoto wakimfata mpaka barazani kwake, lakini alikuwa kapanga chumba kimoja kinavuja, maji anateka kwa jirani, mkewe yuko Unguja, kakaa mwaka na kitu kaomba transfa kaondoka. Wa hesabu kabla yake alifanya hivo hivo. Wa kemia vilevile. Simlaumu hata mmoja, mimi pia ningeondoka.

Ndo maana wazee tukachangishana tukaanza nyumba ya walimu nyuma ya skuli. Wengine walitoa pesa za karafuu, wasokuwa nazo wakabeba mawe na mchanga, kinamama wakateka maji ya saruji. Imefika lenta, yani juu ya milango na madirisha. Tuliambiwa tukifika lenta serikali itaezeka, na hiyo ni misimu miwili ya karafuu iliyopita, saivi ndani mumeota majani na ukuta wa upande wa mvua umeanza kumomonyoka. Kwahiyo mtu akisimama mbele yetu akasema wazee wa huku wahimizwe, inauma. Mzee wangu aliingia skuli baada ya Mzee Karume, rais wetu wa kwanza Zanzibar, kutangaza elimu bure 23 Septemba 1964, na yeye ndie alonishika mkono kunipeleka mimi. Tunaijua thamani yake.

Yapo mengine, lugha kwa mfano. Mtoto aliyekulia chini ya mikarafuu anajua karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka, ukimuuliza kwa Kiswahili atakueleza mpaka uchoke, lakini mtihani wa Novemba swali la bailojia linakuja kwa Kiingereza analitazama tu. Na msimu wenyewe unakula siku za skuli, hilo letu wazee nalikubali, tumeshazungumza na sheha, kiongozi wa shehia yetu, watoto wa kidato cha nne wasipelekwe kuchuma wala kuchambua mpaka wamalize mtihani. Lakini hata wakikaa darasani siku zote tano, nani atawasomesha?

Sikuombi maabara mpya wala kompyuta. Naomba mbao, mabati na misumari ya nyumba ile ya vyumba vinne kabla mvua za vuli hazijaanza, mafundi tunao wenyewe na hawatodai ujira. Ikishaezekwa mutuletee wa hesabu na wa fizikia. Samaki na muhogo hawatonunua, hilo nakuahidi mbele ya watu wote watakaosoma barua hii.

Wako,
Mzazi wa kidato cha tatu