Gari la spoti likaguliwe injini ikiwa baridi

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala ya ukurasa wenu wa magari iliyowashauri vijana wenye kipato cha kati wanaotamani gari la spoti waifikirie Toyota 86, na sina ugomvi na chaguo lenyewe, kwa kuwa ni gari zuri. Ninachokilalamikia ni kwamba mwandishi alitumia karibu nafasi yake yote kusifia umbo, nguvu za farasi 200 na raha ya kuendesha gari linalosukumwa na matairi ya nyuma, kisha suala la ukaguzi akalimaliza kwa sentensi moja tu, kwamba mnunuzi asisahau kuliendesha kwanza. Mimi ni fundi wa magari hapa Tanga kwa zaidi ya miaka ishirini, na nimeona kuwa huko kuliendesha ndiko kunakomdanganya mnunuzi kuliko kitu kingine chochote.

Sababu yake ni nyepesi. Nguvu ndiyo ya mwisho kufa katika injini. Pistoni zilizoanza kupitisha oili, klachi iliyobakiza miezi miwili na gia ya pili iliyochoka vyote vitavumilia dakika kumi za lami nzuri, na kijana atashuka akitetemeka kwa furaha huku mkono ukishaelekea mfukoni. Anayenunua gari jipya ana dhamana ya kumlinda, na anayenunua Vitz iliyochakaa anajua alichokinunua, tena vipuri vyake viko kila duka. Anayeumia ni huyu wa katikati, aliyetoa akiba ya miaka kadhaa kununua gari lililokwisha kupita mikononi mwa watu wawili au watatu, ambao wote walilinunua kwa nia ya kulikanyaga.

Mwaka jana mpwa wangu aliniita Dar es Salaam nikamtazamie gari la aina hiyohiyo, la mwaka 2013, lililokuwa kwenye yadi moja. Tulifika saa nne asubuhi tukalikuta limeoshwa, matairi yamepakwa dawa ya kung'arisha, na muuzaji ameshalisogeza mbele kutusubiri. Niliweka kiganja juu ya boneti nikakuta ina joto, ingawa gari lilikuwa kivulini. Muuzaji alitusihi tuzunguke nalo kidogo, mpwa wangu akawa ameshafungua mlango, lakini nilimwambia tuondoke, maana injini iliyokwisha kupashwa joto inaweza kuficha ugonjwa wake. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu tulikuwa getini bila kuaga mtu, mlinzi akiwa bado anafagia. Gari lililolala usiku kucha lilipowashwa lilitoa mgongano mzito kutoka chini ya injini, uliokwenda sambamba na mizunguko yake na haukupungua hata joto lilipopanda, na kitambaa cheupe nilichokishika mbele ya mdomo wa ekzosi kikatoka na madoa ya oili. Hapo nieleze jambo moja ili watu wasiogopeshwe bure: pampu ya mafuta ya presha kubwa katika injini hizi ina mlio wake wa juu, kama nyenje kwenye majani, na mlio huo peke yake si ugonjwa.

Injini yenyewe inastahili maelezo ambayo makala haikuyatoa. Ni ya lita mbili, ya Subaru, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Toyota, na silinda zake zimelala ubavuni badala ya kusimama; kwa sababu ya ushirikiano huo gari hilo lina pacha wake anayeitwa Subaru BRZ. Namba ya chesesi ikianza na ZN6 ni ya Toyota, na ikianza na ZC6 ni ya Subaru. Mwishoni mwa mwaka 2018 magari ya miaka ya mwanzo, yaani yale ya 2012 na 2013, yaliitwa kurudi kwa mawakala ili yabadilishwe springi za valvu, kwa sababu ilionekana zingeweza kuvunjika na kuizima injini barabarani. Kazi hiyo huitaka injini ishushwe na kufunguliwa, na wenye magari kadhaa, hasa Marekani, walilalamika kuwa injini zao ziliharibika baada ya matengenezo hayohayo, kwa kuwa silikoni ya kuzibia iliyopakwa kupita kiasi ilimeguka ikaingia kwenye njia za oili. Kwa hiyo anayeuziwa gari la miaka hiyo ana maswali mawili, si moja: je, springi zilibadilishwa, na je, injini imekwenda kilomita ngapi kwa usalama tangu ilipofungwa tena? Muuzaji akijibu kwamba gari halijawahi kuguswa, hilo si jibu la kufurahia.

Kisha kuna karatasi ya mnada wa Japani, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari kabla halijauzwa mnadani, ambayo wengi huiomba na wachache huisoma. Ule mchoro mdogo wa gari si pambo. Herufi A maana yake ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, na XX ni kipande kilichobadilishwa, huku namba inayofuata herufi ikionyesha ukubwa wa kasoro. Daraja likiandikwa R au RA, gari hilo lilipata ajali likatengenezwa, na hapo bei ishuke au mazungumzo yaishe. Lakini karatasi huweza kuwa ya gari jingine, hivyo namba ya chesesi ilinganishwe kwanza, kisha gari lenyewe liulizwe. Lile la mpwa wangu lilikuja na karatasi ya daraja la 4, bila ajali hata moja. Nilipouvuta mkanda wa dereva hadi mwisho, nikakuta lebo ndogo chini kabisa imeandikwa tarehe ya kutengenezwa ya mwaka 2016, wakati ule wa abiria ulikuwa wa 2013 kama gari lenyewe. Mkanda wa dereva haubadilishwi kwa ajili ya kuchakaa rangi, hubadilishwa zaidi baada ya ajali. Nilimwonyesha muuzaji, naye akasema kuwa wageni wengi hawaangalii huko.

Gari lipandishwe pia kwenye lifti au liingizwe kwenye shimo la gereji, si yadini bali kwa fundi uliyemchagua mwenyewe na kumlipa mwenyewe. Magari yaliyotumika Hokkaido na kaskazini ya Japani hupita majira ya baridi kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo huanzia chini, kwenye mikono ya tairi na mabomba ya breki, mahali ambapo rangi mpya ya juu haiwezi kusema kitu. Sisi wa pwani tunaijua chumvi. Tochi na bisibisi vinatosha kuipata.

Likishapita hapo ndipo liendeshwe, tena polepole. Livuke tuta kwa mwendo wa mtu anayetembea, redio ikiwa imezimwa, bushi na shokapu zisikike. Liwekwe gia ya nne kwa mwendo mdogo, mafuta yakanyagwe ghafla, na mizunguko ya injini ikipanda bila gari kuongeza mwendo, klachi imekwisha. Lirudishwe kutoka gia ya tatu kwenda ya pili mara nyingi, na ikikwaruza, gari hilo limefundishiwa mtu kuendesha, au limechezewa mashindano. Kwenye tuta hilohilo mnunuzi atajua pia kama ataweza kuishi nalo, maana tumbo la gari liko juu ya ardhi kwa sentimita kama 13 tu, na viti vya nyuma havimfai mtu mzima hata wa kutoka Tanga hadi Muheza.

Kodi na ushuru sitaviongelea sana, kwa kuwa kikokotoo cha TRA kiko wazi kwa kila mtu. Ila vijana wanaoacha 86 na kukimbilia Mazda RX-8 kwa sababu ya bei yake ndogo wajue kuwa bei hiyo ina maelezo. Injini ya RX-8 haina pistoni za kawaida, ina rota mbili, yaani vipande vya pembetatu vinavyozunguka, hula oili kwa namna ilivyoundwa, na kompresheni yake, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya injini, haipimwi vizuri kwa kipimo kilichozoeleka gerejini, bali kwa kile kinachosoma pande tatu za kila rota. Ikiwa imeshapata joto kisha ikawa ngumu kuwaka, ni dalili mbaya. Asiye na fundi mwenye kipimo hicho asiinunue.

Ombi langu kwa ukurasa wenu ni dogo. Mnapolisifia gari lililotumika, toeni aya mbili tu kwa magonjwa yake yanayojulikana na matoleo ya miaka ipi yanayo, kama mnavyotoa kwa mwendo wake wa juu. Gari lile la yadini liliuzwa wiki ileile. Mpwa wangu bado ana kigari chake cha zamani, na karibu kila Jumamosi hunitumia picha ya 86 nyingine aliyoiona mahali, nami humjibu kwa swali lilelile: ulipofika, boneti ilikuwa baridi?

Fundi wa magari,
Tanga